Fuko-dhahabu wa De Winton: kisa cha mnyama aliyethibitishwa kwa mchanga

Port Nolloth ni mji mdogo wa bandari kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, kusini ya mahali Mto Orange unapoingia Bahari ya Atlantiki. Ulianza kama gati ya kusafirishia shaba, kisha miaka ya 1920 almasi zikapatikana kwenye mchanga wa pwani yake na mambo yakabadilika. Kwa wanabiolojia mji huu una sifa nyingine: ndiko mahali pekee palipojulikana pa fuko-dhahabu wa De Winton, Cryptochloris wintoni, ambaye baada ya miaka ya 1930 hakuonekana tena na mtu yeyote aliyeweza kumtambua.

Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Endangered Wildlife Trust na Chuo Kikuu cha Pretoria walikwenda kumtafuta. Novemba 2023 wakatangaza kwamba yupo. Vyombo vya habari viliipokea taarifa hiyo kama ya mfu aliyefufuka, na mbwa aliyeshiriki katika msako akasifiwa kuliko wote. Mimi nataka kuangalia kilichotokea katikati. Watu hawa walikuwa na ushahidi mkononi mapema, wakakaa nao kimya. Kwa nini? Na ushahidi wenyewe ulikuwa nini, kwa mnyama asiyetoka nje, asiyelia na asiyeacha hata shimo?

Mnyama mwenyewe

Kwanza tumtenge na fuko tunayemjua. Fuko wa mashambani kwetu, yule anayemaliza mihogo na viazi kwa chini, ni mgugunaji: ana meno marefu ya mbele na jamaa zake ni panya na nungunungu. Fuko-dhahabu hagusi mihogo. Anakula wadudu, mchwa, minyoo na mijusi midogo isiyo na miguu. Hata fuko wa Ulaya, anayefanana naye zaidi kwa umbo, si ndugu yake.

Ndugu zake ndio kichekesho. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walimweka katika kapu la wala wadudu pamoja na fuko wa Ulaya na virukanjia, kwa sababu sura iliwaambia hivyo. Miaka ya 1990 jeni zilipoanza kulinganishwa, kapu likapasuka. Fuko-dhahabu alikutwa upande mmoja na tenreki, mnyama mdogo wa Madagaska, na wote wawili wakiwa ndani ya ukoo mkubwa wa wanyama wenye asili ya Afrika: tembo, pimbi, nguva, mhanga na sange. Ukoo huo ukapewa jina la Afrotheria mwaka 1998. Dalili nyingine zilikuwapo mwilini muda wote, ila hazikuwa za kuvutia macho. Kwa mfano, korodani za dume hubaki ndani ya tumbo, kama za tembo.

Kuna spishi 21 hivi za fuko-dhahabu, zote za Afrika kusini mwa Sahara, na nyingi zaidi ziko Afrika Kusini. Wa De Winton ni miongoni mwa wadogo: urefu wake haufiki sentimita kumi, na anaenea vizuri kwenye kiganja. Rangi yake ni ya kijivu iliyofifia yenye umanjano, inayokaribia ile ya mchanga anaoishi. Mkia hauonekani. Masikio hayana sehemu ya nje, ni matundu tu yaliyofunikwa na manyoya. Macho yapo, lakini ngozi imeota juu yake na manyoya yakaota juu ya ngozi, kwa hiyo haoni. Puani ana kipande cha ngozi ngumu, tupu, kinachopasua mchanga na kuzuia punje zisiingie puani. Miguu ya mbele ni mifupi na yenye misuli mizito, na kati ya kucha zake ule wa tatu ni mkubwa kupita kiasi. Miguu ya nyuma ina utando kati ya vidole: ya mbele inachimba, ya nyuma inasukuma mchanga.

Neno dhahabu linatokana na mng'ao wa manyoya. Ukimgeuza juani jamaa wa familia hii, manyoya hubadilika rangi: shaba, kijani, wakati mwingine zambarau. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa nywele hizo chini ya hadubini. Nywele ni bapa, uso wake ni laini, na gamba lake la nje lina tabaka nyembamba, nyeusi na nyeupe zikipokezana, ambazo ndizo zinazovunja mwanga kuwa rangi. Lakini mnyama huyu haoni, mwenzake haoni, na wote wanaishi gizani. Urembo wa nani, basi? Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba nywele bapa na laini hupita kwenye mchanga bila kukwaruzana nao na hazishiki maji wala uchafu. Rangi zimekuja tu kama ziada.

Sikio linalosikia ardhi

Hapa ndipo penye biolojia tamu zaidi, na ndipo panapoeleza kwa nini kumwona fuko-dhahabu ni kazi ngumu.

Katika sikio la kati la mamalia kuna vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko: nyundo, fuawe na kikuku. Kwetu sisi ni vidogo mno. Kwa baadhi ya fuko-dhahabu, wakiwemo wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Cryptochloris, nyundo imekua hadi kuwa bonge la mfupa lisilolingana kabisa na mwili. Kazi yake inaelezeka kwa fizikia ya sekondari. Ardhi inapotikisika, fuvu linatikisika pamoja nayo, lakini nyundo kwa uzito wake inachelewa. Tofauti hiyo ndogo ya mwendo kati ya fuvu na nyundo inapokelewa na sikio la ndani kama sauti. Kwa maneno mengine, sikio lake linapima mtikisiko wa ardhi zaidi ya kusikia hewa.

Aliyechunguzwa vizuri kwa jambo hili ni jirani yake, fuko-dhahabu wa Grant, anayeishi kwenye matuta ya mchanga ya pwani hiyohiyo hadi ndani ya Jangwa la Namib. Usiku hutoka na kutembea juu ya mchanga, kisha kila baada ya hatua kadhaa anazamisha kichwa chake mchangani na kutulia. Anasikiliza. Nyasi za jangwani huota kwenye vichuguu vidogo vya mchanga, na upepo ukizitikisa, kichuguu kizima hutoa mtetemo wa chini unaosafiri ardhini. Ndani ya vichuguu hivyo ndimo mnamokaa mchwa. Watafiti walioweka vipima-mtikisiko Namib miaka ya 1990 walipendekeza kwamba mnyama huyu kipofu anatoka kichuguu kimoja hadi kingine kwa kufuata mtetemo huo, na nyayo zake, ambazo haziendi ovyoovyo, zinaunga mkono wazo hilo.

Fikiria basi mtafiti mwenye kilo sabini akikanyaga tuta hilo kwa viatu. Mnyama anamjua kabla hajafika.

Tena hajengi nyumba. Fuko-dhahabu wa misitu na mashamba huchimba njia za kudumu, ambazo unaweza kutega mtego ndani yake. Wa mchanga mkavu hawezi, kwa sababu mchanga haushiki. Anapita kama anayeogelea, punje zinafunga nyuma yake, na kinachobaki juu ni tuta jembamba la mchanga ulioinuka, ambalo upepo wa bahari hulifuta. Mtego utauweka wapi?

Hata njaa haimlazimishi kutoka sana. Fuko-dhahabu wa jangwani ana umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, wa chini kuliko unavyotarajia kwa mnyama wa ukubwa wake, huacha joto la mwili lipande na kushuka kufuatana na mchanga, na anaweza kuingia katika hali ya kuzizima ili kuokoa nguvu. Maji anayapata kwenye chakula.

Miaka themanini na zaidi

Aliyemwelezea kwa sayansi ni Robert Broom, daktari Mskoti aliyehamia Afrika Kusini, mwaka 1907. Jina alilitoa kwa heshima ya William Edward de Winton, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza. Broom baadaye alipata umaarufu wa aina nyingine kabisa: mwaka 1947 alihusika na kupatikana kwa fuvu la kale la Sterkfontein linaloitwa Mrs Ples. Fuko mdogo wa Port Nolloth akabaki mstari mmoja katika orodha ya kazi zake.

Vielelezo vichache vilikusanywa hadi miaka ya 1930, vikawekwa makumbusho, kisha kimya. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimweka katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka, na maelezo kwamba pengine ametoweka kabisa. Mwaka 2017 aliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya spishi 25 zilizopotea na zinazotafutwa zaidi.

Je, alipotea kweli? Sidhani kama neno hilo linamfaa. Sehemu kubwa ya pwani ile iligeuzwa kuwa maeneo ya almasi, yenye uzio na walinzi, ambamo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuingia kwa miongo mingi. Na hata pale palipokuwa wazi, watu walitafuta kwa macho na mitego, yaani kwa vyombo viwili ambavyo mnyama huyu ameumbwa kuvikwepa. Kutomwona hakukuwa na uzito wa ushahidi.

Ila upo upande wa pili, na sitaki kuuruka. Machimbo ya almasi ya pwani yanachimbua mchanga hadi mwamba. Palipochimbwa hivyo hapakai fuko-dhahabu. Kwa hiyo uzio uleule uliozuia watafiti ulizuia nyumba na mifugo upande mmoja, na ukalinda uharibifu upande mwingine. Anayedai kwamba migodi ilimhifadhi au ilimuua, kwa jumla, anarahisisha mno.

Mbwa na mifuko ya mchanga

Timu ya 2021 iliingia na mbinu mbili zisizohitaji kumwona mnyama.

Ya kwanza ilikuwa Jessie, mbwa jike wa aina ya border collie aliyefundishwa kunusa fuko-dhahabu. Kuna tatizo la kimantiki hapa: mbwa hufundishwa kwa sampuli ya harufu, na ya De Winton haikuwapo popote duniani. Jessie alijua harufu za familia, hakujua ya mnyama huyu mmoja. Kwa hiyo pua yake isingeweza kuthibitisha spishi. Ingeweza tu kusaidia kusoma tuta: hapa pana uhai, pale hapana. Na hilo lilikuwa na thamani kubwa, maana kuna siku timu ilipita hadi kilomita 18 za matuta.

Ya pili ndiyo iliyobeba kisa chote. Mnyama anapopita mchangani anaacha vipande vyake: seli za ngozi, nywele, mkojo, kinyesi, ute. Ndani ya vipande hivyo mna DNA. Siku hizi maabara inaweza kuchukua mchanga wenyewe, kutoa DNA yote iliyomo, kunakili vipande maalumu vya jeni hadi vitoshe kusomeka, kisha kulinganisha mifuatano ya herufi za DNA iliyopatikana na ile iliyohifadhiwa kwenye hazina za data. Mbinu hiyo inaitwa DNA ya mazingira. Ilizoeleka kwanza majini, kwa samaki na vyura. Mchanga wa jangwani ni mtihani, kwa kuwa jua na joto huvunja DNA haraka. Faida ni kwamba fuko-dhahabu anapita chini, ambako jua halifiki. Timu ilikusanya zaidi ya sampuli mia moja za mchanga kutoka ufukweni na kwenye matuta.

Majibu yalipotoka, baadhi ya sampuli zilikuwa za spishi zinazofahamika, wakiwemo fuko-dhahabu wa Grant na wa Rasi. Huyu wa Rasi, kwa njia, jina lake la kisayansi ni Chrysochloris asiatica, kwa sababu Linnaeus, mwanasayansi Msweden aliyempa jina, mwaka 1758 alidhani ametoka Siberia. Hajawahi kuishi Asia.

Lakini baadhi ya mifuatano haikuwa ya hao. Ilielekeza kwenye jenasi ya Cryptochloris. Hapo mtu mwenye haraka angeita waandishi wa habari.

Kwa nini walisubiri

Jenasi hiyo ina spishi mbili. Ya pili ni fuko-dhahabu wa Van Zyl, Cryptochloris zyli, aliyeelezewa mwaka 1938 kutoka karibu na Lambert's Bay, kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo. Naye anajulikana kwa vielelezo vichache mno. Wawili hawa wanafanana, wanaishi mazingira yaleyale, na hakuna aliyejua mpaka wa mmoja unaishia wapi. Mchanga wa Port Nolloth ungeweza kabisa kuwa wa Van Zyl aliyesogea kaskazini.

Kutenganisha kulihitaji kitu cha kulinganishia, yaani DNA ya De Winton iliyosomwa kutoka kwa mnyama ambaye hakuna ubishi juu ya utambulisho wake. Data iliyokuwapo ilikuwa haba, na mfuatano mmoja wa jeni moja ni uzi mwembamba wa kuning'inizia tangazo la kumfufua mnyama. Jeni moja inaweza kuwa imesomwa vibaya. Kielelezo kinaweza kuwa na lebo isiyo yake. Spishi mbili za karibu zinaweza kulingana kabisa kwenye kipande hicho. Kwa hiyo, ikiongozwa upande wa jenetiki na Samantha Mynhardt, timu ikashikilia matokeo.

Mwaka mmoja hivi baadaye mfuatano wa jeni ya pili ukapatikana. Ulitoka kwa kielelezo cha fuko-dhahabu wa De Winton kilichohifadhiwa katika makumbusho ya Iziko jijini Cape Town. Walipouweka kando ya mifuatano ya mchangani, ikalingana. Sasa jeni mbili zilisema jambo moja. Makala ikapitiwa na wataalamu wengine na kuchapishwa Novemba 2023 katika jarida la Biodiversity and Conservation. Hai alionekana pia, akapigwa picha na video, na tangu hapo makundi mengine ya spishi hii yametambuliwa.

Katika masimulizi mengi ya kisa hiki kielelezo cha Iziko hutajwa kwa sentensi moja, baada ya mbwa. Kwa maoni yangu ndicho kilichoamua kesi. Mbwa aliongoza miguu na mchanga ulitoa mifuatano, lakini mifuatano hiyo haikuwa na jina mpaka ngozi kavu iliyokaa kabatini kwa miongo ilipoipa. Aliyeikusanya hakuwahi kusikia habari ya DNA. Alichofanya ni kuandika lebo vizuri na kumkabidhi mtunza makumbusho. Ndiyo maana nawaona kwa shaka wanaohubiri kwamba teknolojia hii itafanya makusanyo ya zamani yasihitajike. Kisa hiki kinaonyesha kinyume chake: kadiri tunavyosoma udongo zaidi, ndivyo tunavyozihitaji zaidi ngozi zenye lebo.

Kilichothibitishwa na kisichothibitishwa

Uwepo umethibitishwa, sina ubishi. Idadi haijathibitishwa, na mbinu hii haiwezi kuitoa. Mchanga wenye DNA unasema mnyama alipita. Hausemi kama walikuwa watatu au mia tatu, wala kama wanazaliana. Pia hausemi chochote juu ya kesho yake. Almasi bado zinachimbwa pwani ile na nyumba za ufukweni zinaongezeka. Mnyama mdogo anayeishi kwenye utepe mwembamba wa matuta kati ya bahari na nchi kavu hana pa kurudi nyuma. Kuna hatari ya kiutawala pia, ndogo lakini ya kweli: akishaandikwa kwamba amepatikana, wafadhili huhamia kwa aliyepotea bado.

Faida ya haraka iko kwenye ramani. Zamani, kujua kama eneo linaloombewa kibali cha uchimbaji lina fuko-dhahabu kulihitaji bahati. Sasa mifuko ya mchanga na wiki kadhaa za maabara zinatosha kuweka jibu mezani kabla kibali hakijatolewa.

Huku kwetu

Afrika Mashariki tunaye wa kwetu, fuko-dhahabu wa Stuhlmann, Chrysochloris stuhlmanni, aliyeelezewa mwaka 1894. Anaishi nyanda za juu zenye baridi na udongo laini, kuanzia milima ya mashariki mwa Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi hadi sehemu za Kenya na Tanzania. Hayuko hatarini kwa sasa. Anachimba njia karibu na uso wa ardhi, mpaka kwenye bustani, na nadhani wengi wanaokufa kwa jembe wanalipa deni la fuko mla mihogo. Ukikuta mmoja amekufa, tazama mdomo: akiwa na meno marefu ya njano yaliyotokeza mbele, ni yule wa mihogo, akiwa na pua ya ngozi tupu, hana macho, na manyoya yanang'aa ukimgeuza juani, alikuwa anakula wadudu wa bustani yako. Makundi yake yametawanyika juu ya milima iliyotengana, na ningependa sana kuona mbinu ya Port Nolloth ikijaribiwa kwenye udongo wa milima hiyo, maana makundi yaliyotengana hivyo mara nyingi huficha spishi zaidi ya moja.

Kesi ngumu kuliko ya De Winton iko Somalia. Mwaka 1964, huko Jowhar kando ya Mto Shabelle, yalipatikana mabaki ya mifupa ndani ya tapishi la bundi (bonge la mifupa na manyoya ambayo bundi hutapika baada ya kula), taya na vipande vya fuvu. Mwaka 1968 vikaelezewa kama spishi mpya ya fuko-dhahabu, tytonis, kwa jina la jenasi ya bundi aliyemla. Hakuna aliyewahi kumwona akiwa hai, wala ngozi yake. Mtu akienda leo na kuchota udongo wa ukingo ule, na ukatoa mfuatano usiofanana na wa spishi yoyote iliyosomwa, atakuwa amefika palepale ilipokwama timu ya 2021: kuna fuko-dhahabu hapa, na hatuna cha kumlinganisha naye. Tofauti ni kwamba Cape Town palikuwa na kabati lenye ngozi.